Mnaoniuliza Kama Mashine Imepona

Nyinyi mnaopita mbele ya duka langu asubuhi na kuniuliza, "Papa, mashini imepona?", salamu zenu nimezipata. Asanteni. Mashine haiumwi. Haijawahi kuumwa. Ile sauti mnayoisikia jioni ndiyo sauti yake ya uzima. Sasa nunua misumari yako uende, nyuma yako kuna watu.

Kamina hii mtu hanunui kitu akakaa kwa amani. Nunua baiskeli, watakuambia ungengoja kidogo ununue pikipiki. Nunua pikipiki, watakuuliza mafuta utatoa wapi. Nunua saksafoni ya umeme, bomba limetengenezwa Ufaransa, limenakshiwa Marekani, mikrofoni imo humo humo shingoni mwake, watakuuliza kama inaweza kusaga mahindi. Na aliyeniuliza hivyo si mtoto. Ni shefu wa avenyu yetu, mtu mwenye muhuri.

Niwaeleze ilivyokuwa, maana mjini kuna hadithi zake nyingi na katika zote mjinga ni mimi.

Alikuja jamaa mmoja dukani saa ya jua kali, saa ambayo hata nzi wamekwenda kulala. Amebeba sanduku jeusi refu. Nyuma yake kijana anasukuma baiskeli, na juu ya baiskeli kuna bafle kubwa limefungwa kwa mpira wa tairi. Nikajua hawa ni watu wa korali, wanatafuta skrubu. Wapi! Akaliweka sanduku juu ya kaunta, juu ya bawaba zangu, akafungua vibanio. Ndani mahameli nyekundu, imeliwa na wadudu pembeni. Katikati limelala lidude la shaba, vitufe kila mahali, na ubavuni limefungiwa kikasha kidogo chenye swichi. Swichi! Kwenye saksafoni! Na kwenye kikasha unatoka waya mnene unaokwenda mpaka kwenye bafle.

"Papa, hii ni ya Base," akasema.

Hapo nivute kiti kidogo. Kwetu kila chuma kizee ni cha Base. Wabelgiji waliijenga ile base ya kijeshi nje ya mji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kubwa ajabu, na umeme wake wakaufuata huko kwenye maji ya Kilubi. Uhuru ulipofika mwaka 1960 wakaingia askari wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1978, wakati wa vita vya Kolwezi, makomando wa Kibelgiji wakatua hapo wakiwa njiani. Miaka ya 1980 zikaja ndege za Wamarekani, zile za mambo ya Angola, ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuziona na kila mtu aliziona. Hao wote, tukiwasadiki wauzaji wetu, kazi yao ilikuwa kusahau vitu. Mimi binafsi nimeuziwa kitanda cha Base, friji ya Base, na pasi ya Base ambayo chini yake pameandikwa kuwa imetoka China. Wabelgiji wakirudi leo na orodha yao ya mizigo watashangaa walivyokuwa matajiri.

"Ilikuwa ya Mmarekani mmoja," jamaa akaendelea. "Rubani. Alikuwa anapiga usiku, bafle linasikika mpaka huku mjini."

"Mpaka huku mjini?"

"Papa! Toka Base mpaka hapa ni kilomita ngapi? Piga hesabu mwenyewe."

Nikapiga hesabu. Mimi ni mtu wa hesabu, nauza misumari kwa kilo.

Halafu nikaona tundu. Liko kwenye shingo ya saksafoni, pale inapopinda, na juu yake wamebandika kidude cha chuma. Nikauliza, maana mimi si mtu wa kuuziwa kitu hivi hivi. "Hapa pametobolewa kwa nini?"

"Pa kupumulia, papa."

Nikaridhika. Kitu cha umeme lazima kipumue. Hata friji yangu ya Base ina matundu nyuma.

Alitaka dola 400. Tukavutana, akaapa kwa mama yake, nikaapa kwa wangu, tukafika 260. Nikazitoa dola za mahindi. Sasa mnajua dola zinavyokaguliwa huku kwetu. Aliinua noti moja moja kwenye jua. Akaisugua. Akaivuta pembe. Noti yangu ya ishirini akanirudishia, ina mchaniko pembeni, mchaniko wa kuutafuta kwa miwani. "Hii hapana, papa. Imepasuka." Yaani mtu ananiuzia saksafoni iliyotobolewa shingo, halafu dola yangu ndiyo mbovu! Nikabadilisha kwa mwanamke wa makuta pale sokoni, akanikata, nikarudi nikamlipa.

Mama watoto alilitazama lile sanduku muda mrefu. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Alisema tu, "Umetoka na mahindi, umerudi na bomba," akaenda kutwanga.

Jioni akaja mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo, mwenye simu inayojua kila kitu. Akapiga picha maandishi yaliyo kwenye kikasha, akaanza kunisomea. Mjomba, hii ni Selmer. Inaitwa Mark VI. Walianza kuitengeneza mwaka 1954, wakaacha katikati ya miaka ya 1970. Bomba linatoka Ufaransa, linavushwa bahari mpaka Elkhart, kule Indiana, huko linaunganishwa na kuchorwa maua. Mjomba, wapigaji duniani wanaitafuta hii kwa tochi. Ikiwa safi, ni maelfu ya dola.

Maelfu! Nikamwita mama watoto aje asikie. Hakuja, lakini kutwanga kukasimama, kwa hiyo alisikia. Nikaketi vizuri. Akaja mteja kuuliza bei ya kufuli, nikamjibu nikiwa nimetazama pembeni, namna matajiri wanavyojibu.

Mtoto akaendelea kuteleza na kidole. Akanyamaza. Mimi huwa sipendi mtu mwenye simu akinyamaza.

"Mjomba, lakini hii yako ni Varitone."

"Si ndiyo vizuri?"

Varitone, akasema, ni hicho kikasha. Selmer walikileta mwaka 1965, umeme wake umetengenezwa na watu wa Electro-Voice. Wakati ule magitaa yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye umeme, yanapiga kelele, saksafoni haisikiki tena jukwaani, wapigaji wanapuliza mpaka macho yanataka kutoka. Basi wakaichukua Mark VI nzuri, wakaitoboa shingo kwa drili, wakatia mikrofoni. Ile siyo ya kupumulia, mjomba. Leo wanaozikusanya hizi wakiona hilo tundu wanalia. Wengine wanang'oa kikasha chote na kuziba tundu kwa risasi ili ionekane haijawahi kutokea kitu. Bei inaanguka.

"Inaanguka mpaka wapi?"

"Mjomba, kulala salama."

Kule jikoni kutwanga kukaanza upya, sasa kwa nguvu.

Nisingekata tamaa kwa jambo dogo. Nikamwambia asome na mazuri yake. Na yapo! Sonny Stitt, bingwa wa Marekani, alirekodi na Varitone mwaka 1966. Eddie Harris wa Chicago akaifanya ndiyo mkate wake, akarekodi mwaka 1967 sahani yake iliyouzwa sana, jina lenyewe lilikuwa la umeme. Na huyo Eddie Harris alifika Accra mwaka 1971 kwenye tamasha la Soul to Soul, akapiga na Les McCann. Nikamwambia mtoto, unaona? Akifika Accra amefika kwetu. Ghana na Kamina ni kitu gani? Bara moja.

Sasa kuipiga.

Kesho yake nikaitundika shingoni kwa mkanda. Nzito! Nikabonyeza vitufe vyote vya juu. Kimya. Vya chini. Kimya. Nikawasha swichi, nikazima, nikawasha. Nikakigonga kikasha kwa kidole, dawa ambayo friji yangu huisikia. Kimya. Watoto wa kartye wamejaa kwenye ukuta, wananiangalia. Nikawaambia inapata moto kwanza.

Aliyetumwa na Mungu, au na mama watoto, ni mzee mmoja wa avenyu ya nyuma. Miaka ya sabini alikuwa kwenye bendi, siku hizi anaongoza fanfari ya kanisa. Akavua kofia mbele ya ile saksafoni. Mbele yangu hajawahi kuivua.

"Unapulizia wapi?" akaniuliza.

"Sipulizi, mzee. Ni ya umeme."

Akanitazama. Akatazama watoto wa ukutani. Akarudisha kofia kichwani.

"Mwana, hii lazima uipulize."

"Na redio ni ya umeme, nani anaipuliza?"

Hakunijibu. Mpaka leo hajanijibu, na swali langu liko pale pale. Kama pumzi inatoka kwangu, na vidole ni vyangu, na jasho ni langu, huo umeme umekuja kufanya nini?

Akaanza kunifundisha. Kidomo cheusi kinafungwa kijiti chembamba cha mwanzi, wenyewe wanakiita anshi. Midomo inakibana, hewa inapita, kijiti kinatetemeka, bomba linafanya mengine. Bila kijiti, hakuna kitu, hata uwe na shaba yote ya Kolwezi. Kijiti changu kilikuwa kimepasuka. Duka la vijiti Kamina hakuna. Unaagiza Lubumbashi, halafu unamsubiri mtu anayekuja kwa treni. Sisi ni mji wa treni, si mnajua, hapa ndipo reli inapogawanyika, moja inakwenda Kananga mpaka Ilebo, nyingine Kabongo, Kabalo, mpaka Kalemie ziwani. Reli zote zinapita kwangu na hakuna hata moja iliyobeba kijiti. Mzee akakata tete kando ya mto, akakaa na wembe barazani kwangu, anakwangua, anaangalia kwenye mwanga, anakwangua, analamba, anakwangua. Ncha ikawa nyembamba mpaka unaona kidole chake upande wa pili. Hapo ndipo akakifunga, akaniambia, "Haya."

Wakati anakwangua alinipa historia, sikumwomba. Aliyeibuni saksafoni ni Adolphe Sax, amezaliwa Dinant mwaka 1814, akaisajili Paris mwaka 1846. Dinant iko wapi? Ubelgiji! Nilijua. Nilijua tu. Hawakutosheka na kodi ya kichwa na kulima pamba, wakaacha na hili. Na mzee akaniambia hapa hapa Kamina palikuwa na watu wenye pumzi. Ile Maquis du Zaire iliyochezesha Dar es Salaam usiku kucha, ikaja kuitwa Maquis Original, mizizi yake ni hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini walibeba vyombo vyao wakavuka, wakahamia Tanzania. Kwa hiyo mnapouliza mbona Kamina hakuna mtu wa kupiga vizuri, jibu ni hilo. Wenye pumzi walihama. Tulibaki sisi wa misumari.

"Na Verckys?" nikamuuliza, ili ajue nami nina elimu. "Na Manu Dibango?"

Akasema Dibango alipokuja Léopoldville mwaka 1961 kupiga na African Jazz ya Kabasele, na Verckys alipokuwa akimpulizia Franco kwenye OK Jazz, walikuwa na kitu ambacho hakimo kwenye kikasha changu. Nikauliza ni kitu gani, nikiagize. Akarudi kwenye kukwangua.

Basi nikapuliza. Sitaielezea sauti. Mtu aliyekuwa jirani na stesheni siku treni ya mizigo ilipofunga breki ghafla ataelewa. Mbuzi wa shemeji alikata kamba. Lakini ilikuwa sauti, na ilitoka kwangu, na bado umeme haujawekwa! Hapo nikajua tukiweka umeme mambo yatanyooka. Si ndiyo kazi yake?

Umeme wa ukutani kwetu mnaufahamu, tusiseme mengi. Nikaazima gurupu ya jirani mwenye sinema, nikanunua mafuta, nikachomeka bafle. Likasema "puh". Likatoa moshi kidogo mweupe, wenye adabu. Likanyamaza.

Fundi wa redio akaligeuza nyuma, akafuta vumbi kwa kidole. "Papa, hukusoma hapa?"

Pameandikwa volti 117. Sasa mimi nisome nini? Mimi nilijua umeme ni umeme. Kumbe wa Marekani ni nusu. Wao wanakula 117, gurupu inakupa 220, na bafle la Mmarekani limezoea kula kidogo. Fyuzi ndiyo iliyoungua, fundi akasema nishukuru. Nikashukuru kwa dola tano. Halafu akataka transfo ya kushusha, hiyo nayo ina bei yake, na ikitoka Lubumbashi inakuja na bei ya safari. Mahindi yaliyobaki yakaondoka.

Akaja na chuma chake cha kuunganishia, kile chenye ncha ya shaba, hakina waya, kinapashwa kwenye makaa. Mama watoto alikuwa amebandika sombe kwenye mbabula. Sombe ikashushwa. Chuma kikaingia. Basi tukakaa: fundi, mzee, mimi, na mama watoto amekumbatia sufuria anangoja moto wake. Ule waya mnene mwishoni una vijino vingi, na vitatu vimekatika. Plagi ya namna hiyo haipo hapa. Fundi akaikata, akavua mpira, ndani zikatoka nyaya nyembamba ambazo zamani zilikuwa na rangi. Nyekundu, kijani, njano, sijui. Sasa zote ni kahawia. Hujui ipi ni ya nini. Akawa anagusanisha moja na nyingine, risasi inayeyuka, moshi wake unachoma pua, na kila anapokosea bafle linatoa maoni. Sombe ilirudi motoni usiku. Tulikula bukari na chumvi.

Lakini ikawaka! Kitaa kidogo chekundu. Mzee mwenyewe akatabasamu. Kwenye kikasha kuna swichi ya sauti angavu na sauti nzito, kuna ya mwangwi, kuna ya mtetemo, na kuna ile kubwa ambayo Wamarekani walijivunia zaidi: ukipiga noti moja, mashine inaongeza nyingine oktava nzima chini yake. Unakuwa wapigaji wawili. Nikawasha zote. Nimezilipia zote.

Sasa sikilizeni, maana hili hamtalikuta limeandikwa mahali. Ile mashine haichagui. Nikikosea noti, inakosea na mwenzake chini. Halafu mwangwi unalirudia kosa. Halafu mtetemo unalitikisa, ili na yule aliyekuwa amesinzia alione vizuri. Kosa dogo, la mtu mmoja, la nyumbani, linatoka kwa bafle likiwa ukoo. Mzee akanishauri nizime kila kitu, nijifunze bila umeme mwaka mmoja hivi. Mwaka! Na dola za transfo?

Nikaendelea. Jioni, baada ya kufunga duka, mafuta yakiwepo. Majirani wakaanza kuniletea mafuta ya kuuza bei juu, wakidhani nitashindwa kununua. Pasta mmoja akapita kuuliza kama nyumbani kuna shida ya roho. Mwingine akaja kuuliza kama nauza, nikafurahi, kumbe anataka shaba yake akafue vikombe.

Halafu yakaja yale matanga, ambayo najua ndiyo mnayoyangojea.

Alifariki mzee mmoja mwenye heshima, mtu wa Kabongo. Familia wakataka muziki wa kuaga. Fanfari ya kanisa ilikuwa safarini. Wakanikumbuka, au tuseme waliishiwa. Nikavaa suti. Nikapeleka bafle kwa baiskeli, transfo kichwani kwa kijana, saksafoni mgongoni. Hema limefungwa, akina mama wamekaa chini kwenye mikeka, wazee kwenye viti vya plastiki. Upande wa pili wa ukuta anakaa mfanyabiashara wa mahindi, ana fonii, ile redio ya kuongea na vijijini, na mlingoti wake mrefu umeinama juu ya hema letu. Mimi ningejuaje? Mlingoti si mbuyu, hauna kivuli.

Nikapiga. Taratibu, noti ndefu ndefu, maana fupi zinanishinda. Kusema kweli watu walilia. Hata ambao hawakuwa wamelia tangu asubuhi walilia. Nikafika mwisho wa mstari, nikaondoa kidomo ili nivute pumzi. Kimya kizito kikaanguka.

Na katika kimya kile bafle likasema, kwa sauti nzito ya mwanamume, na mwangwi ukiwa umewashwa:

"Kabongo, Kabongo. Unanipata?"

Saksafoni haiko mdomoni. Watu wote wanaona haiko mdomoni. Mama mkubwa wa marehemu akainuka kwenye mkeka, akainua mikono, "Tunakupata, papa! Tunakupata!"

"Yale magunia ishirini ya mahindi," bafle likaendelea, kwa oktava ya chini, "bado hayajalipwa."

Wazee wakageuka. Si kwangu. Wakamgeukia mdogo wa marehemu, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, karibu na jeneza. Yule bwana akasimama, kitambaa kimedondoka. Akaanza kusema kwamba ni kumi na mawili tu, si ishirini, na kwamba marehemu mwenyewe alimwambia angoje mavuno. Akina mama wakapiga yowe. Mtu akamwaga munkoyo. Kumbe ndugu wale walikuwa na deni la mahindi kweli, la siku nyingi, na familia nusu haikujua.

"Nakuachia," bafle likasema, likanyamaza.

Fundi alinieleza baadaye. Ule waya mrefu aliouunganisha kwa makaa haujafunikwa vizuri, kwa hiyo unafanya kazi ya antena, unanasa fonii ya jirani na kuipeleka kwenye bafle. Kitu cha kawaida, akasema. Nenda ukawaambie wale mama. Mimi nilijaribu kuwaambia palepale, kwa kubahatisha tu, nimesimama na suti yangu, nikinyoosha kidole kuelekea mlingoti. Hakuna aliyetazama mlingoti. Walikuwa wananitazama mimi, na waliokuwa karibu walikuwa wanasogea nyuma na viti vyao. Yule mdogo wa marehemu alilipa mahindi wiki ile ile. Mnadhani alinishukuru? Ananidai ada ya aibu.

Tangu siku hiyo biashara imechangamka, na hapa ndipo hasa penye donge langu. Wanakuja. Wanakuja wa harusi, wa mikutano ya hadhara, wa mahubiri, hata wa mchezo wa mpira. Fundi amefunika waya, ameongeza tundu la mikrofoni ya kawaida, na bafle la Varitone linasema vizuri kuliko mabafle yote mapya mliyonunua, mapya ambayo yanakohoa baada ya miezi mitatu. Wanalishika, wanaligonga mbavu, wanasema hii ndiyo mali ya Base kweli. Kisha wananiuliza bei, na mimi nawaambia bei, na mimi nakuja pamoja na saksafoni yangu, burudani nzima.

Wanakwenda pembeni. Wananong'ona. Wanarudi.

Kwa hiyo nimelazimika kuandika kwenye ubao wa duka, chini ya bei ya bawaba, mpate kuacha kunisumbua. Bafle peke yake kwa siku, franka elfu ishirini. Bafle pamoja na mimi, elfu kumi. Hiyo bei ya pili hakuna aliyeilipa bado. Na Jumamosi iliyopita baba wa bibi harusi alilipa elfu ishirini yake bila kubishana, akahesabu elfu tano nyingine juu, akanikunjia mkononi, akaniomba kwa heshima zote, papa, siku hiyo usipite hata kwenye ile barabara.